Mashine ya kufungasha maziwa: mpya au ya mtumba? Hesabu siku za kusimama kabla ya kuhesabu bei

Msikilizaji, mwezi huu swali hili limeingia mara tatu kwenye simu za kipindi cha asubuhi, kila mara kutoka wilaya tofauti. Kikundi cha wafugaji kina fedha kidogo mkononi au kinakaribia kupata mkopo. Kinataka kuacha kuuza maziwa kwa ndoo na kuanza kuyauza kwenye pakiti. Mtu mmoja amewatumia picha ya mashine mpya, mwingine amewatumia picha ya mashine iliyotumika kwa nusu ya bei hiyo. Wanauliza: tuchukue ipi?

Hewani muda haukutosha kujibu vizuri, kwa hiyo nimeliandika hapa taratibu ili uweze kusoma kwenye simu yako, ukalirudia, na ukamwonyesha mwenyekiti wako.

Nianze na jambo nililoliona mwenyewe. Mwaka juzi nilitembelea kikundi kimoja huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Ndani ya chumba chao cha maziwa, kimesakafiwa vizuri na kupakwa rangi nyeupe, kulikuwa na kitu kirefu kimefunikwa turubai. Juu yake walikuwa wameanika vikombe. Nilipouliza, mama mwenyekiti alicheka kwa aibu: "Mwanangu, hiyo ndiyo mashine." Walikuwa wameinunua ikiwa imetumika, kwa bei iliyowafurahisha wote mkutanoni. Ilifanya kazi wiki tano. Kisha kifaa kimoja kidogo kikaungua, na hakuna aliyejua kinapatikana wapi. Marejesho ya mkopo yaliendelea kila mwezi, mashine ikiwa chini ya turubai.

Akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Sisi tulinunua bei. Hatukununua mashine."

Makala haya hayasemi mtumba ni mbaya. Nimeona pia kikundi kilichonunua mashine mpya kabisa, ikiwa bado na harufu ya rangi, nayo ikakaa miezi bila kuzalisha. Ninachotaka kukueleza ni kwamba swali la "mpya au mtumba" linakuja mwisho. Mbele yake kuna swali kubwa zaidi: mashine hii ikisimama, itasimama siku ngapi, na kila siku ya kusimama itatugharimu kiasi gani?

KWA NINI SASA

Kuna sababu tatu zinazofanya swali hili liwe moto kwa wakati huu.

Ya kwanza ni umeme. Miradi ya REA imefikisha nguzo katika vijiji ambavyo miaka kumi iliyopita vilikuwa gizani, na kuunganishwa kwa shilingi 27,000 kumewafanya watu wafikirie viwanda vidogo badala ya taa na kuchaji simu tu.

Ya pili ni mikopo. Utaratibu wa halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ulisimamishwa Aprili 2023 na ukarejeshwa mwaka 2024. Mkopo huo hauna riba, lakini una marejesho. Vikundi vingi vinaandika maombi, na kwenye maombi unatakiwa kuonyesha utanunua nini na kwa bei gani.

Ya tatu ni simu hii uliyoishika. Zamani mashine ulikuwa unaiona kwenye maonesho ya Nanenane. Sasa wauzaji wanakufuata kwenye kundi la WhatsApp. Picha inang'aa, bei inavutia, na namba ya kulipia iko chini yake.

MASHINE YENYEWE INAFANYA NINI

Ili ujue kinachoweza kuharibika, ni vizuri kuijua kazi yake. Mashine nyingi ndogo za kufungasha maziwa kwenye mifuko laini zinafanya kazi kwa namna moja. Kuna roli la plastiki mgongoni. Plastiki inavutwa kupita juu ya shingo ya chuma inayoikunja iwe kama bomba. Kipande cha moto kinaziba mshono wa wima. Maziwa yanashuka ndani kwa kipimo. Kisha taya zenye moto zinabana, zinaziba juu na chini na kukata. Pakiti inadondoka.

Vitu vinavyochoka haraka havitishi kwa ukubwa wake: waya au vipande vya moto vinavyoziba plastiki, kitambaa cha teflon kinachozuia plastiki isinate, mipira ya kuzibia kwenye njia ya maziwa, mikanda, beringi, kifaa cha kupima joto, na lile jicho linalosoma alama kwenye plastiki ili kisu kikate mahali panapotakiwa. Mashine nyingine hutumia hewa ya kompresa, kwa hiyo kompresa nayo iko kwenye orodha.

Angalia jambo hili: karibu kila kimojawapo ni kidogo, lakini kikikosekana, kiwanda kizima kinasimama. Na maziwa hayasubiri. Mahindi yakikosa mashine leo, yatasagwa kesho. Maziwa mabichi yasiyopozwa huanza kuharibika ndani ya saa chache. Hata ukiwa na tangi la kupoza hadi nyuzi joto 4, umejipatia siku moja au mbili. Siku ya tatu unamwambia mfugaji aliyetembea na dumu lake tangu alfajiri: leo hatupokei. Akiambiwa hivyo mara tatu, atarudi kwa mchuuzi wa baiskeli, na kumrudisha kwako ni kazi.

HESABU YA SIKU ZA KUSIMAMA

Sasa tuchukue kalamu. Namba zote hapa chini ni za mfano, nimezichagua ziwe rahisi kujumlisha. Wewe weka za kwako.

Tuseme kikundi kinapokea lita 1,000 kwa siku. Tuseme mashine ikisimama siku moja, kikundi kinapoteza shilingi 200 kwa kila lita, kwa kukosa faida, kwa kuuza maziwa bei ya kutupa, na kwa mishahara inayolipwa bila kazi. Hiyo ni shilingi 200,000 kwa siku.

Mashine ya mtumba: bei milioni 11, usafiri na kufunga milioni 3. Jumla milioni 14.

Mashine mpya: bei milioni 24, usafiri na kufunga milioni 4. Jumla milioni 28.

Kwa macho, mtumba umeshinda kwa nusu kamili. Lakini endelea.

Hali ya kwanza. Mtumba umechoka na vipuri viko mbali. Unasimama siku 30 kwa mwaka, sawa na milioni 6. Vipuri na fundi ni milioni 3. Kila mwaka unakula milioni 9. Mashine mpya inasimama siku 5, milioni 1, na matunzo milioni 1. Kila mwaka inakula milioni 2.

Mwisho wa mwaka wa kwanza: mtumba umefikia milioni 23, mpya milioni 30.
Mwisho wa mwaka wa pili: mtumba milioni 32, mpya milioni 32. Zimelingana.
Mwisho wa mwaka wa tatu: mtumba milioni 41, mpya milioni 34.

Hali ya pili. Mtumba ule ule, bei ile ile, ila ulikuwa mzima, fundi wake anajulikana na vipuri viko mjini. Unasimama siku 6 tu kwa mwaka, milioni 1.2, na vipuri milioni 2. Mwisho wa mwaka wa tatu umefikia milioni 23.6. Mashine mpya iko kwenye milioni 34. Mtumba umeokoa zaidi ya milioni 10.

Hali ya tatu. Mashine ni mpya, lakini aliyeiuza hana fundi hapa nchini. Mwaka wa kwanza bodi ya umeme inaungua na kikundi kinasubiri siku 40 ipatikane kutoka nje. Hizo siku 40 ni milioni 8, na matunzo milioni 1. Mwisho wa mwaka wa kwanza mashine mpya imefikia milioni 37. Hata kama miaka miwili inayofuata haisumbui, mwisho wa mwaka wa tatu itakuwa milioni 41, sawasawa na ule mtumba uliochoka.

Umeona, msikilizaji? Katika hali zote tatu bei ya dukani haikubadilika. Kilichobadilika ni siku za kusimama. Hizo ndizo zilizoamua nani amenunua ghali.

VITU VINNE VINAVYOUSIMAMISHA MTUMBA

1. Umeme usiolingana. Tanzania tunatumia volti 230 kwa umeme wa njia moja na volti 400 kwa njia tatu, kwa mzunguko wa hezi 50. Marekani wanatumia volti 120 na hezi 60. Japani majumbani ni volti 100, na sehemu moja ya nchi iko hezi 50, nyingine 60. Korea Kusini ni hezi 60. Kwa hiyo mashine iliyotumika inaweza kuwa nzima kabisa huko ilikotoka na ikakusumbua hapa.

Kifaa cha moto cha volti 110 ukikichomeka kwenye 230 kinapokea nguvu zaidi ya mara nne na kinakatika hapo hapo. Mota ya hezi 60 ikiendeshwa kwa hezi 50 inapungua kasi kwa sehemu moja ya sita, na mara nyingi inapata joto kuliko kawaida. Kuna transfoma na vifaa vya kurekebisha, lakini ni gharama nyingine ya kuweka kwenye hesabu.

Tazama kibati kilichogongwa kwenye mwili wa mashine au mota. Kimeandikwa volti, hezi na njia. Kama muuzaji hawezi kukutumia picha ya kibati hicho inayosomeka, usiendelee naye. Pia jiulize kijijini kwenu mna njia moja au tatu. Wengi waliounganishwa kwa gharama ya kawaida ya REA wana njia moja. Mashine ndogo ya pakiti inaweza kuendeshwa kwa njia moja, lakini kompresa na tangi la kupoza huenda vikataka njia tatu. Nenda TANESCO uulize gharama kabla ya kulipia mashine.

2. Plastiki isiyoingia. Ile shingo inayokunja plastiki imetengenezwa kwa upana mmoja. Roli la upana mwingine halipiti vizuri. Kama mtumba wako ulikuwa unafungasha robo lita na wewe unataka nusu lita, unaweza kuhitaji shingo nyingine ya kuchongesha. Uliza upana wa roli kwa milimita, kisha mpigie anayeuza plastiki za maziwa na umuulize kama anao. Uliza pia kiasi cha chini anachokubali kuchapisha jina lenu. Kuna vikundi vimekwama kwa sababu mtengenezaji alitaka oda kubwa kuliko mtaji wao.

3. Vipuri vya mashine isiyotengenezwa tena. Beringi na mikanda huwa na namba zinazotambulika, na unaweza kuzipata kwenye maduka ya vipuri mjini. Vitambaa vya teflon na waya za moto navyo hupatikana. Tatizo ni bodi ya umeme ya mashine iliyokoma kutengenezwa. Hiyo ikifa, fundi mzuri anaweza kuiondoa yote na kuweka mfumo mwingine, lakini hiyo ni kama kununua nusu ya mashine upya. Ndiyo maana mashine ya zamani yenye swichi na rilei za kawaida wakati mwingine ni salama kwa kijiji kuliko ya kisasa yenye skrini.

4. Usafi. Hapa maziwa yanatofautiana na misumari. Umechemsha maziwa vizuri, labda nyuzi joto 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15. Umeua vijidudu. Kisha unayapitisha kwenye bomba la mashine lenye mikwaruzo, kutu au mpira uliopasuka ambamo maziwa ya jana yamejificha. Umerudisha vijidudu kwenye maziwa safi, na pakiti zitavimba dukani.

Njia yote ya maziwa inatakiwa iwe ya chuma kisichoshika kutu, ile tunayoita stenlesi, na ifunguke isafishwe kila siku. Uliza pia mashine ilikuwa inafungasha nini. Iliyowahi kufungasha dawa ya wadudu au sabuni, usiilete kwenye maziwa hata kwa bure. Na kumbuka kwamba tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula ilihamia TBS. Mkaguzi akija hatauliza mashine ni mpya au mtumba. Atatazama usafi, na atatazama pakiti ina tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho kutumika. Kama mashine haina kifaa cha kupiga tarehe, kiweke kwenye bajeti.

MPYA NAYO INA MITEGO YAKE

Usidhani ukiwa na fedha ya mpya umemaliza. Bei unayoiona mtandaoni mara nyingi ni bei ya kiwandani kwao. Baada yake kuna meli, bima, gharama za bandari, wakala wa forodha, VAT ya asilimia 18 pale inapohusika, na lori mpaka kijijini. Mashine nyingi za uzalishaji zina unafuu wa ushuru wa forodha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini unafuu wa ushuru hauondoi gharama nyingine zote. Mwambie muuzaji akupe bei moja: mashine ikiwa imefungwa kwenye chumba chetu na imetoa pakiti. Anayekubali bei hiyo amebeba mzigo pamoja nawe.

Mtego wa pili ni waranti. Neno "waranti mwaka mmoja" ni tamu, ila uliza: nikipata tatizo, fundi anatoka wapi, anafika ndani ya siku ngapi, na nani analipa nauli yake? Waranti inayokutaka urudishe mashine China si waranti kwa mtu wa Rungwe au Makete.

Mtego wa tatu ni ukubwa, na huu umewamaliza wengi. Mashine inayotoa pakiti 25 za nusu lita kwa dakika inatoa pakiti 1,500 kwa saa, yaani lita 750. Kama mnapokea lita 200, mtakuwa mmemaliza kazi ndani ya dakika 16. Mmelipia mashine ikae siku nzima.

KWANZA, MAZIWA YENU NI LITA NGAPI?

Nchi yetu ni miongoni mwa zenye ng'ombe wengi Afrika, lakini sehemu ndogo sana ya maziwa yetu hufika viwandani, na viwanda vingi vinafanya kazi chini ya uwezo wake. Maana yake, mara nyingi kinachokosekana ni maziwa ya uhakika kila siku, si mashine.

Nimekulia kwenye nyumba yenye ng'ombe wawili, najua jinsi inavyokwenda. Machi majani yamejaa, ndoo inajaa. Septemba majani yamekauka, mama anakamua nusu. Kikundi kinachopiga hesabu za mashine kwa maziwa ya Machi kitalipa mkopo kwa maziwa ya Septemba. Chukua daftari la mapokezi la mwaka mzima, tafuta mwezi mbaya kuliko yote, na huo ndio uwe msingi wa hesabu yako.

Kama mwezi huo mnapokea chini ya lita 200 kwa siku, ushauri wangu ni msinunue mashine ya kujiendesha, mpya wala mtumba. Lita 200 ni pakiti 400 za nusu lita. Watu wawili wasafi, wenye chombo cha kujazia chenye bomba na mashine ndogo ya mezani ya kuziba, wakitoa pakiti 3 kwa dakika, wanamaliza ndani ya saa mbili na robo hivi. Chupa zenye kifuniko nazo ni njia. Fedha inayobaki ipelekeni kwenye kupoza na kwenye chakula cha ng'ombe. Mkifika lita 700 au 1,000, ambapo mikono haitoshi na kushikashika kunachafua maziwa, hapo mashine inakuwa na kazi.

SUALA LA MKOPO

Mtumba una upande wake mzuri kwenye fedha: deni ni dogo, na ukiuuza tena hupotezi sana, kwa sababu aliyeununua mpya ndiye aliyepoteza zaidi. Mashine mpya inashuka thamani siku inapofunguliwa kwenye boksi.

Lakini wakopeshaji wengine hawapendi kutoa fedha ya mashine iliyotumika, maana ni vigumu kujua itadumu muda gani. Kuna pia utaratibu wa kukodishiwa mashine huku ukilipa mpaka inakuwa yako, unaotambuliwa na sheria ya mwaka 2008. Katika utaratibu huo mashine ndiyo dhamana. Ukishindwa kulipa wanaichukua, lakini shamba lako linabaki. Ulizeni kama upo kwenye mkoa wenu.

Chochote mtakachochagua, msitumie fedha yote kwenye kununua. Tengeni fungu la vipuri tangu siku ya kwanza. Kile kikundi chenye turubai kilitumia mkopo wote kwenye mashine na lori. Kifaa kilipoungua, mfuko ulikuwa mtupu. Hapo ndipo waliposhindwa.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA HATA SENTI

Yahifadhi haya kwenye simu yako.

Kwa mtumba:
- Kwa nini inauzwa? Kiwanda kilichopanua kazi na kununua kubwa zaidi ni muuzaji mzuri. Kiwanda kilichochoka kuitengeneza si mzuri.
- Iko wapi na naweza kuiona ikifanya kazi? Nenda na plastiki yako na maji safi. Iwashwe ikiwa baridi, ifanye kazi saa nzima, si dakika mbili. Matatizo mengi ya joto na ya bodi hujitokeza ikishapata moto.
- Fundi aliyekuwa anaihudumia ni nani? Omba namba yake na zungumza naye peke yake, muuzaji asiwepo.
- Vipuri vilivyobadilishwa mwaka uliopita ni vipi, na vilinunuliwa wapi?
- Ukibana pakiti 20 kwa mikono, ngapi zinavuja?

Kwa mpya:
- Nani mwingine hapa nchini ana mashine kama hii? Mpigie, muulize amesimama siku ngapi mwaka huu.
- Kipi kati ya vipuri vinavyochoka haraka kinakuja pamoja na mashine?
- Nani atawafundisha vijana wetu wawili kuifungua, kuisafisha na kuifunga?
- Je, fungu la mwisho la malipo naweza kulilipa baada ya mashine kutoa pakiti kijijini?

Kwa zote mbili: kama hamna fundi, nendeni ofisi ya SIDO ya mkoa au chuo cha VETA kilicho karibu, ombeni mtu mwenye ujuzi awasindikize. Kumlipa nauli na posho ya siku moja ni rahisi kuliko turubai.

Na muuzaji akikutumia video, mwambie akupigie simu ya video ya moja kwa moja. Aiwashe mbele yako, akuonyeshe kibati, akuonyeshe chini na nyuma. Video iliyorekodiwa inaweza kuwa ya mashine nyingine, ya miaka mitano iliyopita, katika nchi nyingine.

MIMI NINGECHAGUA IPI

Kwa kikundi chenye lita 700 hadi 1,000 kwa siku, wilayani kwetu, ningetafuta kwanza mtumba ulioko hapa hapa nchini, unaofanya kazi, ambao fundi wake nimezungumza naye. Nisipoupata, nisingeagiza mtumba wa nje kwa picha. Ningenunua mpya ndogo kutoka kwa muuzaji mwenye fundi na stoo ya vipuri nchini, hata kama ni ghali kidogo kuliko ya mtandaoni. Nikikosa zote mbili, ningeendelea na mikono na mashine ya mezani mpaka nipate. Kusubiri mwaka mmoja si hasara kubwa. Kulipa mkopo wa mashine iliyolala ndiyo hasara.

Kabla sijamaliza kuandika nilimpigia yule mama mwenyekiti kumjulia hali. Wameuza mashine kwa fundi mmoja wa mjini aliyetaka mota yake. Wanafungasha kwa chupa, wamebakiza marejesho matatu. Nikamuuliza, mkimaliza deni mtanunua nyingine? Akasema ndiyo, ila safari hii fundi atatangulia, mashine itafuata.

Kama kikundi chenu kina mashine, iwe mpya au mtumba, tutumieni ujumbe kwenye namba ya studio: imesimama siku ngapi tangu mwaka uanze, na kwa sababu gani? Tutayasoma majibu hewani bila kutaja majina, ili anayetaka kununua kesho ajifunze kwa aliyenunua jana.